Shule imemaliza siku yote ya mtoto, jajja atafundisha saa ngapi?

Kila matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, yakitoka maneno huwa ni yale yale. Siku mbili tatu za kwanza watu wanaposti picha za watoto waliopata agrigeti 4, yaani alama ya juu kabisa, pongezi zinamiminika, alafu baada ya wiki yanaanza malalamiko: watoto wa siku hizi wamesoma lakini hawajui kusalimia wakubwa, hawajui ukoo wa mama yao, mtoto wa P7, darasa la saba, ukimpa kisu amenye matoke anakuangalia tu. Na ukifuatilia mjadala mpaka mwisho utakuta aliyelaumiwa ni mzungu, ati yeye ndiye aliyeleta kitabu kikaua mila. Mi naona hapo tunajidanganya. Kitabu hakijamzuia mtu yeyote kujua ukoo wake. Kilichotuumiza ni saa. Shule yetu ya Uganda imechukua saa zote za mtoto, na ilipokwisha kuchukua saa ikachukua na muhuri, yaani haki ya kusema nani amesoma na nani hajasoma.

Hesabu siku ya mtoto wa P6 hapa Kampala. Saa 11 alfajiri yuko macho, saa 12 yuko ndani ya gari la shule anasinzia na begi mapajani, anarudi saa 1 usiku na homuweki ya masomo manne. Jumamosi kuna masomo. Likizo ikifika kuna kochingi, wizara imeikataza mara nyingi lakini kila mzazi anajua inafanyika wapi na inalipiwa shilingi ngapi. Akiingia sekondari anapelekwa bodingi, na siku hizi wengine wanapelekwa bodingi meno ya utotoni hayajaisha kung'oka. Sasa niambie, ssenga, shangazi yake, anakaa naye saa ngapi? Tunamwambia mtoto nenda kwa jajja, yaani bibi au babu, ujifunze, na tumempa siku chache za Krismasi, nyumba imejaa wageni na jajja mwenyewe hana hata pa kukaa.

Na hiyo bodingi tusiiseme kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Kabla ya wamisionari Waanglikana wa CMS kufika Buganda mwaka 1877, na White Fathers wa Kikatoliki mwaka 1879, Waganda walikuwa na utaratibu wao wa kumtoa mtoto nyumbani akalelewe kwa mkubwa. Mtoto wa kiume alipelekwa kwa chifu, akionekana ana akili anapandishwa mpaka kwenye lubiri, ikulu ya Kabaka mfalme wa Buganda, anakuwa mmoja wa abagalagala, vijana watumishi wa ikulu. Huko ndiko Uislamu uliokuja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili mwaka 1844 ulikopata wanafunzi wake, na Kabaka Mutesa wa kwanza mwenyewe alisoma herufi za Kiarabu kabla hajaona Biblia ya Kiingereza. Wengi wa wale mashahidi wa Kikristo waliouawa 1886 walikuwa vijana wa lubiri. Kwa hiyo wamisionari walipofungua Namilyango mwaka 1902, Gayaza kwa wasichana mwaka 1905 na King's College Budo mwaka 1906, machifu hawakuona ajabu kubwa kumpeleka mtoto akalale huko. Walishazoea.

Tofauti ilikuwa mtoto anakaa na nani. Kule kwa chifu alikuwa katikati ya watu wazima kutwa nzima. Anabeba maji ya kunawa, anakaa mlangoni, anasikia kesi ya mpaka wa shamba ikisemwa tangu mwanzo mpaka hukumu, anaona mtu mkubwa anavyokasirika na anavyojizuia, anajua lini wa kusema na lini wa kunyamaza. Hakuna aliyemfundisha somo la kesi za ardhi lakini akifika miaka ishirini anajua. Bodingi ilichukua kile kitendo cha kumtoa mtoto nyumbani ikaacha hao watu wazima nje ya geti. Mtoto anakaa miezi mitatu na watoto mia wa umri wake na metroni mmoja aliyechoka. Hapo ndipo palipokatika kitu, na ukisoma jinsi Nnabagereka, malkia wa Buganda, alivyoanzisha Ekisaakaate mwaka 2007, kambi ya likizo ya kufunza watoto heshima na stadi za nyumbani, utaona ni jaribio la kukirudisha. Nalipongeza kwa moyo wote, watoto wanarudi wamebadilika. Ila ni siku chache kwa mwaka, tena kwa mzazi mwenye pesa ya kulipa, haiwezi kubeba mzigo wa nchi nzima.

Kuna mahali nilipoliona hili kwa macho na ndipo nilipoacha kuamini kwamba tatizo ni watoto kukosa hamu. Mawokota, wilaya ya Mpigi, watu wa ukoo wa Ngonge bado wanatengeneza olubugo, ile nguo ya gamba la mti. UNESCO waliitambua mwaka 2005 na kuiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Kazi yenyewe ukiikalia ndiyo utajua ni elimu kiasi gani. Gamba linatolewa kwenye mti wa mutuba, linachubuliwa lote bila kujeruhi mti, na ule mti unafungwa majani ya mgomba haraka usikauke, maana mwakani utatoa gamba lingine. Alafu gamba linapashwa moto, linapelekwa kibandani, kibanda kimeachwa wazi pembeni lakini jua halipigi moja kwa moja, wanaume wamekaa wanagonga kwa nyundo za mbao. Nyundo ziko za aina tatu, ya kwanza ina mistari minene, ya pili ya wastani, ya mwisho mistari myembamba kabisa, na kila moja ina wakati wake. Ukiwahi kushika ile nyembamba gamba halijapanuka, umepoteza siku. Ukichelewa kwenye ile nene, linatoboka, na tundu linashonwa kwa ukindu ukaonekane milele kwamba hapo mkono uliteleza. Mzee mmoja alimwambia mjukuu wake, "Mwanangu, usinitazame mimi, tazama gamba," basi, hakuongeza neno jingine mchana mzima, anamsogezea tu mkono akikosea pembe ya kugonga.

Yule kijana alikuwa anataka. Unaona kabisa anataka. Lakini gamba zuri linatolewa msimu wa mvua, na mvua za Buganda ni Machi mpaka Mei, alafu Septemba mpaka Novemba. Linganisha na mihula ya shule. Muhula wa kwanza umekaa juu ya mvua za kwanza, muhula wa tatu umekaa juu ya mvua za pili, na likizo ndefu ya Desemba na Januari imeangukia kiangazi. Kijana anayesoma bodingi anaweza kumaliza S6, kidato cha sita, hajawahi kuona gamba likitolewa kwenye mti hata mara moja, pamoja na kwamba nyumbani kwao ndiyo kazi ya ukoo. Hakukataa mila huyu. Kalenda ndiyo imemkatalia. Na ni hivyo hivyo kwa kupanda, kwa kuchagua mbegu, kwa karibu kila kitu kinachofundishwa na udongo uliolowa.

Wengi wanaposikia hivi jibu lao ni moja: basi tuingize mila kwenye silabasi. Hapa ndipo mimi na wenzangu wengi tunapopishana. Tayari tumejaribu. Tuna mashindano ya muziki, ngoma na maigizo, ile MDD, na nakubali bila ubishi kwamba zimeokoa nyimbo ambazo zingekuwa zimepotea. Lakini nenda kaangalie mazoezi. Shule ya mjini inamleta trena, trena ana wiki mbili, watoto wanafundishwa larakaraka ya Waacholi wa kaskazini hatua kwa hatua, mkono hapa, mguu pale, tabasamu kwa jaji. Larakaraka ni ngoma ya vijana kutafutana uchumba, ina maneno yake, ina utani wake, ina namna msichana anavyokubali na anavyokataa mbele ya watu bila kumdhalilisha mtu. Bwola nayo ni ngoma ya heshima ya rwot, chifu wa Waacholi, haikuchezwa na yeyote popote. Vyote hivyo vinabanwa kwenye dakika chache vinapewa alama, alafu kesho yake watoto wanarudi kwenye masomo ya kweli, kama wanavyoambiwa na walimu wenyewe. Kwa Waacholi wenyewe ngoma na hadithi ziliishi kwenye wang oo, moto wa jioni nyumbani, na uliouzima ule moto si mwalimu, ni vita vya waasi wa LRA na makambi ya waliokimbia vita, watu zaidi ya milioni wamebanwa vibanda vimegusana na usiku kutoka nje ni hatari. Kizazi kizima kilikulia hapo. Huwezi kukirudishia ule moto kwa trena wa wiki mbili.

Orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka inatusema vizuri: bigwala, tarumbeta za vibuyu za Basoga, 2012, empaako ya Batooro na Banyoro na majirani zao 2013, ibada ya Walango ya kumtakasa mtoto wa kiume 2014, simulizi za Koogere 2015, kinubi cha Wamadi 2016. Miaka mitano mfululizo, kitu kimoja kila mwaka. Hiyo empaako ni jina la heshima la kuitana tu, haihitaji darasa wala vifaa, inahitaji mtoto awe nyumbani asubuhi wazee wanaposalimiana.

Karamoja, kwa wafugaji wa kaskazini mashariki, ndiko walikofikiria tofauti kidogo. Wazee wa kule zama za mkoloni waliizika kalamu, kwa maana halisi ya kuzika, wakailaani, kwa sababu kalamu waliyoijua wao ilikuwa ya kuandika majina ya vijana wakapelekwe vitani. Ikabidi katikati ya miaka ya 1990 ifanyike sherehe ya kuifukua. Mwaka 1998 ukaanza mpango wa ABEK, elimu ya msingi mbadala ya Karamoja, na ABEK haikuanza na kuuliza mtoto ataacha lini ng'ombe, ilianza na kuuliza ng'ombe wanatoka saa ngapi. Masomo yakawekwa asubuhi mapema kabla ya kuchunga na jioni mifugo ikirudi, karibu na manyatta, wakufunzi wakatoka jamii hiyo hiyo, lugha ni Ng'akarimojong, na ndani yake kuna mifugo na mazao na amani. Mtoto akajua kusoma na bado akajua kila ng'ombe kwa rangi yake. Shida niliyo nayo mimi na ABEK ni kwamba machoni pa serikali ilibaki daraja la kumvusha mtoto kwenda shule ya kengele, na akishavuka ule uhusiano na boma unakatika kama kwa wenzake wote. Lakini kwamba ratiba inaweza kumfuata mtoto, hilo lilithibitishwa hapa hapa Uganda, Karamoja, kwa pesa kidogo.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sitaki turudi nyuma. Kule Sebei kulikuwa na mafunzo ya kumwingiza msichana utu uzima na yalifungwa pamoja na kukeketwa, mpaka sheria ikapiga marufuku mwaka 2010, na kwa wasichana wengi waliokimbia kisu shule ndiyo ilikuwa mahali pa kukimbilia. Hilo siwezi kulifunika kwa ajili ya kusifia mila. Na sisi Waislamu wa Uganda tunaijua gharama ya kukaa nje ya shule, maana shule zilikuwa za misheni, babu zetu waliogopa watoto wabatizwe wakawabakiza madrasa, dini ikahifadhika lakini kazi za ofisini zikaenda kwa wengine kwa miaka mingi mpaka kina Mwanamfalme Badru Kakungulu waliposimama kujenga shule zetu. Mzazi anayeng'ang'ania kochingi anaijua historia ya namna hiyo hata kama hajaisoma popote.

Kuna na hofu nyingine ya zamani zaidi, na ina haki. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ya mfuko wa Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki ikasema shule ni za vitabu mno, zifundishe kilimo, afya, ufundi, maisha ya kijijini. Maneno matamu, mengine hata ya kweli. Waafrika waliosoma wakauliza: mbona watoto wa kwenu hamuwafundishi jembe? Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, wanafunzi 14, useremala, ujenzi, umekanika, na kila hatua iliyopanda ilikuwa ya kuondoka kwenye nyundo kwenda kwenye kalamu mpaka ikafungamanishwa na chuo kikuu cha London mwaka 1949. Ndiyo maana leo ukimwambia mzazi wa Kisenyi, mtaa wa watu maskini Kampala, mwanawe apunguze masomo ajifunze kazi ya mikono anakutazama vibaya, anajua watoto wa wakubwa wataendelea na Budo na wake ndiye atabaki na nyundo. Kwa hiyo lolote tunalolipendekeza lazima liwe la wote, Budo ikiwemo.

Tulipata nafasi ya kujipima. Shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, kufungwa kurefu kuliko nchi yoyote duniani. Watoto mamilioni wako nyumbani karibu miaka miwili. Ilikuwa balaa kwa wengi, wasichana wadogo walipata mimba, wavulana waliingia kwenye miwa na matofali na hawakurudi. Lakini wapo waliojifunza kweli, kushona, kusuka, kuvua, kukamua, kutengeneza pikipiki, kuendesha duka la mama. Januari 2022 walipopanga foleni kurudi hakuna shule iliyowauliza. Kila mtu alisema miaka miwili imepotea, wizara, wazazi, redio. Na nyumbani nako tuligundua jambo zito: baba na mama wengi hawakuwa na cha kumfundisha mtoto, kwa sababu wao pia walikulia bodingi. Mnyororo ulikatika kizazi kimoja nyuma na hatukujua.

Hapo ndipo ule muhuri unapoingia. Kijana wa gereji ya Katwe, hapa Kampala, amekaa na fundi wake miaka minne, anasikiliza injini ya Hiace ikiwa imewashwa tu anakwambia ni nozeli ya tatu, anafungua, ni ya tatu. Huyo kwa fomu za serikali ameishia P5. Ndugu yake ana satifiketi ya umekanika ya chuo ambacho injini ya kufanyia mazoezi ilikuwa moja kwa darasa zima, na yeye ndiye anayeitwa kwenye intavyuu. Nchi yetu ilishapata njia ya kutokea hapa, DIT, kurugenzi ya serikali ya mafunzo ya viwanda, ilianza kuwapima mafundi kwa kazi yao hasa bila kuwauliza walikaa darasa gani, unafika, unafanya, unapewa Worker's PAS, hati ya ujuzi uliopatikana kazini. Ni moja ya fikra nzuri kabisa zilizowahi kutoka serikalini na ni aibu ilivyoachwa ikawa kitu cha kujulikana na wachache. Kwa nini isimfikie mgongaji wa olubugo wa Mawokota, mpuliza bigwala wa Busoga, mkunga anayejua dawa za majani? Na wa kumpima awe bwana wa kazi hiyo, mzee mwenyewe, asiwe mtahini aliyekremu kijitabu.

Hata hiki Kiswahili ninachoandika. Uganda tulikijua kwenye kambi za jeshi, sokoni, Malaba mpakani, kwenye malori, kwa Wanubi wa Bombo, madrasani. Baraza la mawaziri Julai 2022 likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni, na silabasi mpya ya sekondari ya 2020 ilikwisha kukiweka S1 na S2. Nilifurahi sana. Alafu nikaona mtoto wa Malaba anayebishana bei kwa Kiswahili toka utotoni anapata alama chini ya mwenzake aliyekariri jedwali la ngeli, na shule zinalia hazina walimu wakati mji mzima wa mpakani umejaa watu wanaokiishi. Wape nafasi hao watu, walipwe kwa saa, mwalimu abaki na sarufi.

Kwa hiyo madai yangu ni machache. Jioni na Jumamosi zirudi nyumbani, na katazo la kochingi lisimamiwe mpaka kwenye shule za wenye majina. Shule za kutwa ziwe nzuri kiasi cha kwamba bodingi si lazima. Huko kupima mafundi kwa kazi yao kupelekwe vijijini. Na kalenda ilegezwe, wilaya ziruhusiwe kusogeza wiki zao bila kupunguza idadi ya siku za masomo. Bugisu, mashariki, inafanya imbalu, tohara ya kuwaingiza vijana utu uzima, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, inazinduliwa Agosti uwanja wa Mutoto pale Mbale, vijana wanakimbia kuzunguka kwa wajomba na mashangazi wakiwa wamejipaka unga, na kila mwaka huo wakuu wa shule wanalalamika madarasa yako matupu kama vile ni habari mpya. Wazee wa Inzu ya Masaaba, taasisi ya mila ya Wagisu, wanaweza kukwambia leo imbalu ya miaka kumi ijayo itaangukia mwaka gani. Wizara inachapa ratiba ya mihula mapema vile vile. Kinachotakiwa ni afisa elimu wa Mbale kupewa mamlaka ya kukaa na hao wazee mwezi wa Januari wakapanga wiki zipi zifungwe na zipi zifidiwe.